Mafuta Chini ya Tanganyika: Miaka Arobaini ya Kutafuta na Kuhesabu



Tarehe 28 mwezi wa saba mwaka 2022, mjini Kinshasa, Rais Félix Tshisekedi alizindua mnada wa vitalu 27 vya mafuta na vitalu 3 vya gesi. Kumi na kimoja kati ya vile vya mafuta vilikuwa katika bonde la Tanganyika. Habari ilipofika Uvira haikubaki redioni. Iliingia sokoni, ikapanda mitumbwi, ikafika katika vikao vyenu vya Jumapili baada ya Misa. Wengine waliuliza kama wakati umefika wa kujifunza kuchomelea vyuma. Wengine walisema kiwanja cha ufukoni kisiuzwe tena kwa bei ya jana. Na walikuwapo waliouliza kwa hofu: je, ndagala wataendelea kuvuliwa?

Miaka miwili baadaye, mwezi wa kumi 2024, Waziri wa Haidrokaboni, Aimé Sakombi Molendo, alifuta mnada wa vitalu vyote 27 vya mafuta. Alitaja ukosefu wa maombi yanayokubalika, maombi yaliyochelewa, na ushindani hafifu. Kwetu wengi walitikisa kichwa wakasema: siasa ya Kinshasa. Siasa haikukosekana. Lakini anayeisoma historia ya mafuta ya Bonde la Ufa tangu mwanzo ataona kwamba mnada ule ulikutana na kikwazo kilichojulikana miaka thelathini na tano kabla yake: kuwapo kwa mafuta ni jambo moja, kuyatoa kwa gharama inayolipika ni jambo jingine kabisa. Historia hiyo ndiyo ninayotaka tuipitie pamoja, maana kijana anayeijua hatauza shamba la baba yake kwa ajili ya uvumi, wala hatakosa mkutano wa hadhara siku wachimbaji watakapokuja kweli.

Tuanze na ziwa lenyewe. Tanganyika ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Mahali pake pa chini kabisa hufika mita 1,470. Chini ya maji hayo kumelala mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Kwa mamilioni ya miaka vijimea na vijidudu vya ziwa vimekuwa vikifa na kuzama, na kwa kuwa vilindini hamna oksijeni, mabaki yao hayakuoza yote. Yalifunikwa na tope, tope likageuka mwamba, na joto la ardhi likayapika polepole. Hivyo ndivyo mafuta yanavyozaliwa, na kwa sababu hiyo wanajiolojia hawakuwahi kudharau ziwa letu. Dalili zinaonekana hata kwa macho: kwenye Rasi Kalamba, kusini mwetu, mafuta hupanda yenyewe hadi juu ya maji. Karibu nasi zaidi, Pemba na Rasi Banza ya Ubwari, kuna chemchemi za moto chini ya ziwa ambazo wanasayansi walianza kuzichunguza katika miaka ya 1980.

Dalili kama hizo zilikwisha kuonekana kaskazini. Katika miaka ya 1920 mwanajiolojia Mwingereza E. J. Wayland aliorodhesha mahali pengi ambapo mafuta yalivuja kandokando ya Ziwa Albert, na mwaka 1938 kisima kilichimbwa Waki, karibu na Butiaba, upande wa Uganda. Kilikuta dalili tu. Kisha vita kuu ikaja, na jambo likalala kwa zaidi ya nusu karne. Upande wetu Wabelgiji walishughulika zaidi na makaa ya mawe ya Lukuga, karibu na mji tunaouita leo Kalemie, na samaki. Mwaka 1946 na 1947 wataalamu wao walizunguka ziwa lote wakipima kina chake na kuchora ramani. Kituo cha utafiti wa maji tunachokijua hapa Uvira, Centre de Recherche en Hydrobiologie, kina mizizi katika zama hizo za kuhesabu samaki, wakati hakuna aliyekuwa akihesabu mapipa.

Mapipa yalianza kuhesabiwa katika miaka ya 1980. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana baada ya misukosuko ya 1973 na 1979, na kampuni kubwa zilikuwa zikitafuta mahali papya. Mwaka 1983 na 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, katika mradi ulioitwa PROBE, walipita juu ya ziwa na chombo kilichopeleka mawimbi ya sauti chini ya maji na kunasa mwangwi wake. Mwangwi huo huchora tabaka za miamba kama vile picha ya eksirei inavyoonyesha mifupa. Kampuni za mafuta zilichangia gharama, na kwa mara ya kwanza dunia ikaona jinsi mashapo ya Tanganyika yalivyo manene.

Amoco, kampuni ya Marekani, ikachukua hatua. Haikwenda ziwani, ilikwenda nchi kavu, katika uwanda wa Ruzizi upande wa Burundi, ng'ambo ya mto kutoka Kiliba na Sange. Ilichimba visima viwili, Buringa na Mushasha, na kufikia mwaka 1987 vyote viwili vilikuwa vimekamilika. Havikutoa mafuta ya kuuzika.

Hapa nataka tukae kidogo. Kwa nini Amoco ilichimba uwandani wakati picha bora za mashapo zilitoka ziwani? Kwa sababu uwandani lori linafika. Kisima cha nchi kavu kinahitaji barabara, mtambo wa kuchorongea, maji na dizeli. Kisima cha katikati ya ziwa kinahitaji hivyo vyote na meli ambayo haipo. Tena angalia kalenda: mwishoni mwa 1985 pipa moja lilikuwa karibu na dola 30, katikati ya 1986 lilikuwa limeshuka hadi kama dola 10. Mtambo ulipokuwa ukizunguka pale Ruzizi, bidhaa uliyokuwa ukiitafuta ilikuwa imepoteza theluthi mbili za thamani yake. Visima viwili vikavu katika wakati wa bei kubwa vingefuatwa na cha tatu. Wakati ule havikufuatwa na chochote. Wazee wa uwandani waliuona mtambo ukija, wakauona ukiondoka.

Ili kuelewa uamuzi huo ni lazima tujue jinsi kampuni inavyohesabu. Katika mikataba ya kugawana mazao, ambayo ni ya kawaida katika nchi zetu, kampuni hutoa fedha zote za utafutaji. Isipopata kitu, hasara ni yake. Ikipata, kwanza hujirudishia gharama kutoka katika mafuta yenyewe, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati yake na serikali. Kwa hiyo kila dola ya gharama inatangulia mbele ya dola ya kwanza ya nchi. Gharama zikiwa kubwa, sehemu ya nchi hukawia miaka mingi. Na gharama zikiongezwa kwa ujanja katika vitabu, hukawia zaidi.

Kisha kuna muda. Dola 100 zilizokopwa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, zisipolipwa kwa miaka 15, huwa karibu dola 418. Mafuta yanayopatikana leo na kuuzwa baada ya miaka 15 ni lazima yalipe deni hilo kabla ya kumpa mtu faida. Mama anayeuza ndagala Kalundu analijua somo hili bila ubao: mzigo usiouzwa leo unakula mtaji.

Mfano ulio karibu ni Uganda. Mwaka 2006 mafuta yalipatikana kweli katika bonde la Ziwa Albert, na baadaye ikakadiriwa kwamba kiasi cha mapipa bilioni 1.4 kinaweza kutolewa. Ni utajiri mkubwa, tena katika mahali pepesi kuliko petu: Ziwa Albert lina kina kisichozidi mita 60. Hata hivyo kampuni hazikupenda kuweka mitambo juu ya maji. Katika eneo la Kingfisher zilichimba kutoka ufukoni, zikaupinda uchorongaji hadi chini ya ziwa. Njia hii ya kisima kilichopindwa haikuwa ya kawaida zamani. Leo inatumika sana. Kwenye kisiwa cha Sakhalin, Urusi, visima vimeanzia nchi kavu na kufikia mafuta yaliyo zaidi ya kilomita kumi baharini.

Lakini kutoboa kulikuwa ndiyo sehemu rahisi. Mafuta ya Albert yana nta nyingi; yakipoa huganda. Kuyafikisha baharini kunahitaji bomba linalopashwa joto njia nzima, kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, kilomita 1,443. Bomba hilo limepangwa kupitisha hadi mapipa 216,000 kwa siku, na makadirio ya gharama yake yamepita dola bilioni 4. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulifikiwa mwezi wa pili 2022, miaka 16 baada ya mafuta kuonekana. Hadi mwisho wa 2024 hakuna pipa lililokuwa limeuzwa. Mtoto aliyezaliwa Hoima siku ya ugunduzi alikuwa amekwisha kupata Kipaimara.

Kenya ilijaribu njia ya mkato. Tullow iligundua mafuta Turkana mwaka 2012, nayo pia yana nta. Kwa kuwa bomba lilikuwa ndoto ya mbali, mwaka 2018 mafuta yalianza kupakiwa kwenye malori yenye matangi ya joto kutoka Lokichar hadi Mombasa. Mwezi wa nane 2019 meli ya kwanza iliondoka na takriban mapipa 200,000, na sherehe ikafanyika. Mapipa hayo, yaliyokusanywa kwa mwaka mzima na zaidi, hayafikii kiasi ambacho bomba la Uganda limepangwa kupitisha kwa siku moja. Mvua zikaharibu barabara, malori yakasimama, na mwaka 2020 mpango ukafungwa. Mwaka 2025 Tullow iliuza mali yake ya Kenya na kuondoka.

Turudi kwetu tukiwa na hesabu hizo mkononi. Kutoka Uvira hadi Banana, kwenye bahari ya Atlantiki, ni zaidi ya kilomita 1,800 kwa mstari ulionyooka, na hakuna barabara iliyonyooka hivyo. Njia ya pekee yenye maana ni ya mashariki: kwa ziwa hadi Kigoma, kisha reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, kilomita zipatazo 1,250 hadi Dar es Salaam. Reli inaweza kubeba matangi, lakini haiwezi kubeba mapipa laki mbili kila siku. Kwa hiyo mafuta kidogo ya Tanganyika yatakuwa hasara, na mafuta mengi yatahitaji bomba lao au kuungwa na bomba la wengine. Ndiyo maana mwezi wa kumi 2016, Rais Joseph Kabila alipotembelea Dar es Salaam, Kongo na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kushirikiana katika utafutaji wa mafuta ziwani. Peke yake, hakuna nchi ya ziwa hili inayoweza kuifunga hesabu.

Na meli ya kuchorongea? Wanaosema kwamba leo teknolojia inaweza yote wana haki nusu. Baharini kuna meli zinazochimba katika maji yenye kina cha mita 3,000, mara mbili ya kina cha Tanganyika. Lakini meli hizo zina uzito wa makumi ya maelfu ya tani, na hakuna mto unaozileta kwetu. Mnaikumbuka Liemba. Wajerumani waliiunda Papenburg kwa jina la Graf von Götzen, wakaibomoa vipande vipande, wakaipakia katika masanduku yapatayo 5,000, wakaisafirisha kwa bahari na reli na kuiunganisha upya Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Ilikuwa kazi ya kustaajabisha, na serikali yenye vita haikuuliza bei. Kampuni ya mafuta huuliza. Mtambo wa kuelea utakaoletwa hapa utapita njia ileile ya Götzen, kipande kwa kipande, na utakapomaliza kazi hautakuwa na pengine pa kwenda. Baharini meli moja huchimba Angola mwaka huu na Brazili mwaka ujao, gharama yake ikigawanyika. Ziwani gharama yote hubebwa na ziwa moja.

Inabaki njia ya Kingfisher, kisima kilichopindwa kutoka ufukoni. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya pekee inayostahili kujadiliwa kwa uzito katika upande wetu. Nayo ina mipaka yake. Milima ya Mitumba inashuka karibu hadi majini. Kutoka Kalundu kwenda Makobola ardhi tambarare ni ukanda mwembamba, na ukanda huo umejaa watu, makaburi na mihogo. Tumeona pia jinsi maji yalivyopanda miaka hii na kuingia katika nyumba za ufukoni. Kituo cha kuchimbia kitahitaji eneo kubwa, kavu na salama, mahali ambapo familia zinagombania kila mita. Ukisikia siku moja kwamba njia hii haina madhara kwa ziwa, uliza kwanza inamhamisha nani.

Kuna njia nyingine ambayo vijana waliosoma kwenye simu hupenda kuitaja: kupasua miamba kwa msukumo wa maji, kama Wamarekani. Tuieleze kwa haki. Mafuta mengine yamenaswa ndani ya miamba ya tope gumu isiyopitisha kitu. Kisima huchimbwa wima, kisha kikalazwa ndani ya tabaka hilo. Maji mengi yaliyochanganywa na mchanga na kemikali husukumwa kwa nguvu hadi mwamba upasuke, na mchanga huzuia nyufa zisijifunge. Huko Texas, George Mitchell alitumia miaka mingi kabla njia hii haijalipa mwishoni mwa miaka ya 1990, na miaka ishirini baadaye Marekani ikawa mzalishaji wa kwanza wa mafuta ghafi duniani.

Wachache hutaja upande wa pili. Kisima cha aina hii hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake katika mwaka wa kwanza au wa pili, kwa hiyo ni lazima kuchimba kingine, na kingine, bila kupumzika. Bei iliposhuka kutoka zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, kampuni nyingi za huko zilifilisika, ingawa zilikuwa na barabara za lami, mabomba yaliyokwisha kulazwa, mitambo ya jirani na benki za kukopesha. Katika uwanda wa Ruzizi hakuna kimojawapo. Maji yapo, lakini ni yale yanayonywesha mpunga wa Luvungi na Sange. Nchi yetu yenyewe ina akiba za namna ngumu zilizojulikana tangu Wabelgiji: miamba yenye mafuta karibu na Kisangani, mchanga wa lami wa Mavuma katika Kongo ya Kati. Miaka yote hiyo imepita na hakuna biashara kubwa iliyosimama juu yake. Hazikusahauliwa, zilihesabiwa.

Lakini ipo njia moja isiyo ya kawaida ambayo imefaulu, tena katika maji yanayotufikia sisi. Ziwa Kivu, ambalo mto Ruzizi hutoka humo na kuja kumwaga mlangoni petu, limebeba vilindini mwake takriban kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani na 300 za gesi ya ukaa. Mwaka 1963 mtambo mdogo ulijengwa Rasi Rubona, upande wa Rwanda, na gesi yake ikawasha majiko ya kiwanda cha bia cha Gisenyi kwa miaka mingi. Njia yake ni ya kupendeza kwa urahisi wake. Bomba hushushwa hadi mita 350 hivi. Pampu huanzisha mwendo. Maji yanapopanda msukumo hupungua, gesi inatoka katika maji kama chupa ya fanta inapofunguliwa, na mapovu yenyewe yanaendelea kuyavuta maji juu bila pampu. Gesi ya ukaa husafishwa, methani hubaki, na maji hurudishwa chini kwa uangalifu ili tabaka za ziwa zisivurugwe. Uangalifu huo si wa mapambo: mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kamerun lilitapika gesi ya ukaa usiku mmoja, na watu wapatao 1,700 wakafa.

Mwaka 2016 Rwanda ilizindua KivuWatt, mtambo wa megawati 26 unaotumia njia hiyo, uliogharimu kama dola milioni 200. Ni umeme ghali, na awamu ya pili iliyoahidiwa haikujengwa katika miaka iliyofuata. Lakini mtambo unafanya kazi, na sababu yake inastahili kuandikwa katika madaftari yenu: gesi ile haisafiri. Inachomwa pale ufukoni, na umeme wake unatumiwa na watu wanaoliona ziwa. Hakuna bomba la kilomita elfu, hakuna reli, hakuna nta. Ndiyo maana hata katika mnada wa 2022 vitalu vitatu vya gesi ya Kivu vilipata wenyewe, wakati vile 27 vya mafuta viliishia kufutwa.

Kuna hesabu moja ambayo bado sijaigusa, kwa kuwa haimo katika vitabu vya kampuni. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie. Sehemu kubwa mno ya maji yanayoliacha ziwa huondoka kwa mvuke. Mvuke haubebi mafuta mazito, wala chumvi ya visimani, wala metali. Kinachoingia hukaa, kwa karne nyingi. Ziwa hili ni la nchi nne: Kongo ina asilimia 45 hivi, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Mwaka 2003 nchi hizo nne zilitia saini mjini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza kwa pamoja. Bomba likipasuka mbele ya Baraka, mvuvi wa Rumonge atalipa bila kuulizwa. Na mahali penye mpaka wa maji, hatari nyingine iko karibu: mwezi wa nane 2007, kwenye Ziwa Albert, askari walifyatuliana risasi na mfanyakazi Mwingereza wa utafutaji mafuta akauawa, marais wa Kongo na Uganda walilazimika kukutana Ngurdoto, Tanzania, mwezi uliofuata. Kampuni za bima husoma habari kama hizo, pia husoma habari zetu za kila mwaka, kisha huandika bei.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alikumbusha kwamba uchumi hauwezi kuitwa wa haki isipokuwa gharama za kutumia mali ya wote zimewekwa wazi na kubebwa na wale wanaofaidika, si na majirani wala na vizazi vijavyo. Ukiichukua kanuni hiyo kama kanuni ya uhasibu, bila hata kuhubiri, bei ya pipa la Tanganyika inapanda tena. Tazameni Moanda, ambako nchi yetu imechimba mafuta baharini tangu miaka ya 1970: mafuta ghafi hupakiwa melini na kwenda, na petroli ya kuendeshea pikipiki za Uvira hununuliwa ng'ambo kwa dola.

Sisemi kwamba mafuta ya Tanganyika hayatachimbwa kamwe. Pipa likipanda bei na kukaa juu kwa miaka mingi, bomba la Uganda likianza kufanya kazi na kuhitaji mafuta zaidi, Tanzania ikigundua upande wake, hesabu inaweza kubadilika. Waliozaliwa Kiliba wanajua sura ya kiwanda kilichosimama, kwa kuwa kile cha sukari kilinyamaza vita ilipoingia mwaka 1996. Wanajua pia kwamba miwa ilikuwapo, soko lilikuwapo, na hata hivyo tanuri zikapoa.

Mwezi wa tano 2025 serikali ilifungua mnada mpya, vitalu 52, vyote katika bonde la kati la mto Kongo. Tanganyika haikuwamo. Habari hiyo nayo ilipita redioni, na safari hii hapa Uvira sikusikia mtu akiuliza bei ya kiwanja.